Kutembea Paris Siku za Mgomo wa Usafiri: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila habari za mgomo Ufaransa zinapoanza kusambaa, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Nighairi safari? Nitatokaje uwanja wa ndege? Tiketi ya makumbusho ya Louvre nimeshailipia, nitafikaje? Mwongozo huu ni wako wewe unayekuja Paris kwa mara ya kwanza, una siku tatu au nne tu, na mgomo umetangazwa ukiwa bado nyumbani au umekukuta hotelini.

Jibu fupi: usighairi. Vivutio vikubwa vya Paris vimekaribiana, na njia tatu za metro (treni za chini ya ardhi) za jiji hili hazina dereva, kwa hiyo hata mgomo mkubwa huzikuta zikitembea. Panga siku zako kwa kufuata metro hizo tatu na miguu yako, na utaona karibu yote uliyoyajia.

## Mgomo unavyokwenda

Mgomo wa usafiri Ufaransa hauji kimyakimya. Vyama vya wafanyakazi hutoa notisi siku kadhaa kabla, na sheria ya Agosti 2007 inamtaka mfanyakazi wa usafiri ambaye kazi yake inagusa huduma atangaze saa 48 kabla kwamba atagoma. Kampuni nayo lazima iwaambie abiria saa 24 kabla ni treni zipi zitatembea. Ndiyo maana jioni ya leo unaweza kuijua kesho yako.

Pili, wenye treni ni zaidi ya mmoja. RATP inaendesha metro, mabasi mengi na tramu za jiji, na, kati ya RER (treni za haraka zinazounganisha jiji na vitongoji), sehemu kubwa ya RER A na sehemu ya RER B. SNCF inaendesha RER nyingine, treni za vitongoji na zile za mikoani. Mgomo wa mmoja si lazima uwe mgomo wa mwingine. Soma vizuri ni nani anagoma kabla ya kupata hofu.

Metro zisizo na dereva ni namba 1, namba 4 na namba 14. Katika mgomo wa kupinga mageuzi ya pensheni ulioanza tarehe 5 Desemba 2019 na kudumu zaidi ya wiki sita, namba 1 na 14 ziliendelea kutembea wakati namba nyingine nyingi zimefungwa kabisa. Namba 4 haikuwa imefikia hatua hiyo. Sasa nayo inajiendesha. Zote tatu zinakutana kituo cha Châtelet, katikati ya jiji. Jina hilo likariri.

## Andaa haya kabla ya kuanza

- Viatu ulivyokwisha kuvizoea. Usivae vipya, hata kama ni vizuri kwa picha. Utatembea kilomita kumi au zaidi kwa siku.
- Simu yenye bando la intaneti, na ramani ya Paris uliyoipakua ili ifunguke bila mtandao.
- Chaja ya kubeba. Ramani hula betri haraka, hasa wakati wa baridi.
- Programu ya Bonjour RATP au ya Île-de-France Mobilités. Citymapper nayo inafaa.
- Kadi ya benki yenye salio la kutosha, na pesa taslimu kidogo.
- Chupa ya maji. Chemchemi za maji ya kunywa zimejaa jijini, zikiwemo zile za chuma za kijani alizozitoa Richard Wallace kuanzia 1872. Maji ni safi na ni bure.
- Anwani ya hoteli iliyoandikwa kwenye karatasi, pamoja na jina la kituo cha metro kilicho karibu.

## Hatua

1. Soma taarifa ya kesho jioni ya leo.

Mnamo saa kumi na moja jioni (vibao vitaandika 17:00, kwa sababu Wafaransa huhesabu saa hadi 24) RATP na SNCF hutoa orodha ya kila namba na hali yake. Maneno utakayoyakuta ni haya:

*Trafic normal*: huduma ni ya kawaida.
*1 train sur 3*: kati ya treni tatu za kawaida, moja tu itapita. Subira mara tatu, na behewa litajaa.
*Heures de pointe uniquement*: treni zitatembea saa za watu kwenda na kutoka kazini tu, takriban 6:30 hadi 9:30 asubuhi na 16:30 hadi 19:30 jioni. Katikati hapo, hakuna kitu.
*Ligne fermée*: namba imefungwa siku nzima.
*Interconnexion suspendue*: RER B haivuki kituo cha Gare du Nord. Utashuka, utabadili treni, utaendelea.

Kosa la wageni wengi ni kusoma taarifa ya juzi au kumwuliza rafiki aliyekuja mwezi uliopita. Hali hubadilika kila siku. Soma jioni, kisha usome tena asubuhi kabla hujatoka.

2. Chagua malazi kwa kufuata namba 1, 4 au 14.

Kama hujalipia hoteli, hapa ndipo utakapojiokoa. Tafuta chumba kisichozidi dakika kumi kwa miguu kutoka kituo cha mojawapo ya namba hizi. Gare de Lyon ina namba 1 na 14. Saint-Paul na Bastille zina namba 1. Gare du Nord, Gare de l'Est na Montparnasse zina namba 4. Chumba cha bei nafuu kando ya RER kitongojini ni akiba ya uongo wiki ya mgomo: utakachookoa kwenye chumba utakilipa kwenye teksi, na jioni zako zitaishia kituoni.

Kama hoteli umeshailipia na iko mbali, usiihame. Angalia tu kituo kipi cha namba hizi tatu kinafikika kutoka hapo kwa miguu, kwa basi au kwa baiskeli.

3. Toka uwanja wa ndege kwa utulivu.

Ndege za Air France na Kenya Airways kutoka Nairobi hutua Charles de Gaulle, kaskazini mwa jiji. Treni ya huko ni RER B, ambayo wakati wa mgomo hupungua lakini mara nyingi haifi kabisa. Ikiwa taarifa inasema treni moja kati ya mbili, panda, ila shika begi lako mbele ya kifua.

Ikiwa imefungwa, chukua teksi halali. Bei yake imepangwa na serikali na haibadiliki kwa foleni wala kwa mizigo. Kwa viwango vya 2025, Charles de Gaulle hadi upande wa kaskazini wa mto Seine (*rive droite*) ni yuro 56, na upande wa kusini (*rive gauche*) ni yuro 65, kwa gari zima. Mkiwa watatu au wanne, hesabu inalipa. Magari ya kuitwa kwa programu kama Uber na Bolt hayana kinga hiyo: siku ya mgomo bei yake hupanda kama nauli ya bodaboda mvua ikinyesha.

Onyo: ukumbini utafuatwa na mtu akikuuliza kwa sauti ya chini, "Taxi? Taxi?" Usimfuate, hata akikubebea begi. Teksi halali zinasubiri nje kwenye foleni yenye kibao, na zina taa juu ya paa: kijani ni tupu, nyekundu ina abiria.

Ukitua Orly, shukuru. Tangu Juni 2024 metro namba 14 inafika uwanjani hapo moja kwa moja.

4. Nunua tiketi mojamoja, si pasi ya wiki.

Nunua kadi ya Navigo Easy kwa yuro 2, kisha pakia tiketi chache. Kila mtu awe na kadi yake. Kadi moja haipitishi watu wawili kwa safari moja. Tangu Januari 2025 tiketi ya metro, treni na RER ni bei moja popote mkoani, ilianza kwa yuro 2.50, isipokuwa ya viwanja vya ndege ambayo ni ghali zaidi. Basi na tramu zina tiketi yao nyingine, wala huwezi kutoka metro ukaingia basi kwa tiketi ileile.

Pasi ya wiki huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Ukiinunua Alhamisi ya mgomo utakuwa umelipia treni zisizokuja. Na mgomo si ruhusa ya kupita bure: wakaguzi huwepo, na faini hulipwa palepale.

5. Panga siku kwa mitaa, usipange kwa orodha ya vivutio.

Hii ndiyo hatua inayobeba safari yote. Mgeni huandika vivutio kumi kisha anaruka kutoka kona hii hadi kona ile. Siku ya mgomo haiwezekani. Chagua eneo moja asubuhi, lingine mchana, na kati yake tembea au panda namba 1, 4 au 14. Mipango ninayowapa ndugu wanaokuja ni hii.

*Siku ya mhimili mkubwa.* Panda namba 1 hadi Charles de Gaulle–Étoile (kituo cha mjini, si uwanja wa ndege). Anza na Arc de Triomphe, kisha shuka Champs-Élysées yote, kilomita 1.9, hadi uwanja wa Concorde. Pita bustani ya Tuileries na utatokea kwenye piramidi ya kioo ya Louvre. Endelea kando ya mto hadi Pont Neuf, daraja ambalo jina lake ni "Daraja Jipya" ingawa ndilo kongwe kuliko yote yaliyosimama Paris, kisha uingie kisiwa cha Cité hadi Notre-Dame. Kanisa liliungua tarehe 15 Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024. Kuingia ni bure. Safari yote ni kama kilomita tano na nusu, na karibu yote ni tambarare. Ukichoka katikati, namba 1 ipo chini ya miguu yako karibu njia nzima: Concorde, Tuileries, Palais Royal, Châtelet.

*Siku ya Eiffel.* Hakuna kituo cha namba hizi tatu chini ya mnara, na hapa wengi hukata tamaa. Shuka tena Étoile, lakini sasa fuata avenue Kléber hadi Trocadéro, chini ya nusu saa. Ni bahati njema, maana Trocadéro ndipo mnara unapoonekana mzima. Shuka ngazi, vuka daraja la Iéna, umefika. Rudi ukifuata mto kuelekea Invalides na makumbusho ya Orsay.

*Siku ya Montmartre.* Panda namba 4 hadi Château Rouge. Ukitoka kituoni utadhani umeshuka Kinshasa: ndizi za kupika, sombe (kisamvu), samaki wa kukaushwa, vitenge. Lingala utaisikia kabla ya Kifaransa, na ukisalimia kwa Kiswahili usishangae Mkongo wa mashariki akikuitikia. Kula hapo, ni nafuu kuliko kileleni. Kisha panda kilima hadi kanisa la Sacré-Cœur. Kigari cha kamba kinaendeshwa na RATP na huenda kimesimama. Ngazi zilizo kando yake ni 222. Mwenye magoti mabovu apande polepole kwa mitaa ya nyuma.

*Badala ya Versailles.* Kasri la Versailles linategemea treni za SNCF, na kurudi jioni ndiko kunakowakwamisha watu. Nenda Château de Vincennes, mwisho wa namba 1 upande wa mashariki. Ni ngome ya kifalme yenye mnara wa karne ya 14, na nyuma yake kuna msitu wa kupumzikia. Haina dhahabu ya Versailles, lakini utarudi hotelini kwa uhakika.

Siku za kufungwa ziangalie mapema: Louvre hufungwa Jumanne, Orsay na Versailles, Jumatatu.

6. Tembea kama mtu wa mjini.

Paris ya ndani ina kata 20, na namba ya kata imeandikwa juu ya jina la mtaa kwenye vibao vya buluu. Ukipotea, tazama namba za nyumba: mitaa inayotoka mtoni huanza kuhesabu kutoka mto Seine, na ile inayokwenda sambamba na mto huhesabu kufuata maji yanakotiririka, mashariki kwenda magharibi. Kwenye mitaa inayotoka mtoni, namba zikishuka unaukaribia mto. Simu ikizima, hiyo itakufikisha.

Kama umezoea barabara za Kenya, Tanzania au Uganda, sikiliza hili: magari hapa hupita kulia. Kabla ya kuvuka tazama kushoto kwanza, kisha kulia, kisha kushoto tena. Na utazame njia ya baiskeli kando, kwa sababu siku ya mgomo jiji zima liko juu ya baiskeli, na nyingi za umeme hazisikiki zikija.

Vyoo vya umma vya kijivu barabarani ni bure. Mlango ukifungwa baada ya mtu kutoka, kinajiosha, subiri.

7. Tumia baiskeli ikiwa unaijua.

Vélib' ndiyo huduma ya baiskeli ya jiji: za kijani ni za kukanyaga, za buluu ni za umeme. Pasi ya siku hununuliwa kwenye programu yao, na benki yako itazuia dhamana ya yuro 300 kwa muda. Kadi isiyo na salio hilo itakataliwa, na wengi hapo huanza kulaumu mtandao.

Kabla ya kuichomoa, kagua matairi, breki na mnyororo. Kiti kilichogeuzwa nyuma ni ishara ya watumiaji wenzako kwamba baiskeli hiyo ni mbovu. Unapoirudisha, usiondoke mpaka kifaa chake kithibitishe kwamba safari imefungwa, la sivyo saa zitaendelea kuhesabiwa.

Usipande kwenye njia ya waenda kwa miguu, usipite taa nyekundu, na toa vipokea sauti masikioni. Faini yake ni yuro 135. Rue de Rivoli, inayopita kando ya Louvre, ni nzuri kwa kuanzia kwa sababu sehemu yake kubwa imeachiwa baiskeli. Pikipiki zile ndogo za kusimama usizitafute. Wakazi walipiga kura ya kuziondoa Aprili 2023, na za kukodi ziliondolewa mwaka huohuo.

8. Kumbuka mto.

Batobus ni boti inayozunguka Seine na kusimama Eiffel, Orsay, Louvre, Notre-Dame na kwingineko. Haimo chini ya RATP wala SNCF, kwa hiyo migomo yao haiizuii. Si ya haraka na si ya bei ya basi, lakini kwa aliyekuja na mama mzee au watoto ni pumziko na ni matembezi kwa pamoja. Maji ya mto yakijaa sana, huenda isitembee.

9. Jua maandamano yanapopita.

Siku kubwa ya mgomo huwa na maandamano, mara nyingi mchana, na viwanja vinavyotumika sana ni République, Bastille, Nation na Place d'Italie. Wengi wao ni watu wa kawaida wenye mabango na muziki. Shida hutokea mbele ya msafara au mwishoni, polisi wanapopiga mabomu ya machozi. Vituo vya jirani hufungwa kwa amri ya polisi, hata vya metro zisizo na dereva. Uliza hotelini asubuhi njia yao ni ipi, na upange kuwa upande mwingine wa jiji. Ukijikuta katikati, usikimbie wala usisimame kupiga picha za polisi. Ingia mtaa wa pembeni.

## Ukikwama

Namba 1 imejaa, siwezi kuingia. Acha treni mbili zipite, na usogee mwisho wa jukwaa ambako watu ni wachache. Saa tatu na nusu asubuhi ikipita, msongamano hulegea. Vibaka hupenda milango iliyojaa: simu isikae mfuko wa nyuma.

Nimefika, nikakuta kivutio chenyewe kimegoma. Hutokea. Februari 2024 mnara wa Eiffel ulifungwa siku sita kwa mgomo wa wafanyakazi wake, na Juni 2025 wa Louvre walisusa ghafla asubuhi watu wakiwa kwenye foleni. Angalia tovuti rasmi kabla hujatoka. Tiketi uliyoinunua kwao moja kwa moja ni rahisi kurudishiwa pesa. Uliyoinunua kwa mtu wa kati itakusumbua.

Nina mzazi asiyeweza ngazi. Vituo vyote vya namba 14 vina lifti. Vya namba 1 na 4 usivitegemee. Tumia namba 14, teksi na boti.

Ni usiku na hakuna treni. Wakati wa mgomo huduma huisha mapema. Angalia saa ya treni ya mwisho kabla ya chakula cha jioni, siyo baada yake. Ikikupita, nenda kituo cha teksi, au ukodi Vélib'.

Ndege yangu ni kesho asubuhi. Kwa Orly, namba 14. Kwa Charles de Gaulle, agiza teksi usiku huu, na uongeze saa moja na nusu juu ya muda wa kawaida. Barabara hubeba wote walioachwa na treni. Desemba 2019 foleni za Paris na vitongoji vyake zilijumlisha zaidi ya kilomita 600 kwa asubuhi moja.

Ndege imefutwa. Kwa safari inayoanzia uwanja wa Ulaya, shirika lolote, liwe la Ulaya au la kwetu, lazima likupe uchaguzi wa kurudishiwa nauli au kusafirishwa kwa njia nyingine, na likuhudumie chakula na malazi ukisubiri. Usikubali kuponi ukiwa umechoka kwenye kaunta. Omba barua inayosema ndege imefutwa, na utunze risiti zote. Ikiwa viza yako ya Schengen inaisha siku hiyohiyo, nenda nayo barua hiyo préfecture (ofisi ya serikali ya eneo) kabla viza haijaisha, uombe iongezwe. Ukiwa bado unapanga safari, acha siku mbili tatu kati ya tarehe ya kurudi na mwisho wa viza.